Chupa ya Kivumbasi Aliyoijaza Mama

Jumamosi. Upepo tangu alfajiri, ule upepo wetu wa kiangazi unaoingia hadi kwenye meno. Midomo imekauka, vumbi limeingia kwenye chai, bati la jiko limepiga kelele asubuhi nzima, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jamani, seli ziko hai!

Ngoja nianze vizuri, maana nikijiachia nitaandika alama za mshangao tu mpaka mwisho wa ukurasa.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na kwetu ni Sepuka, mkoani Singida. Utafiti wangu ni wa mafuta ya kivumbasi. Si mafuta ya kukaangia. Ni yale unayoyapata ukichemsha majani, ukaukamata mvuke na kuupoza, ukabaki na maji yenye utando mwembamba wa mafuta juu. Gunia zima la majani linakupa mafuta ya kujaza vifuniko vichache vya soda, basi. Na harufu yake ikishakaa kwenye nguo zako, hata mbu wanakuamkia kwa mbali.

Mafuta hayo tunayadondoshea seli za gegedu. Gegedu ni ile sehemu nyeupe, ngumu lakini laini, inayokaa mwishoni mwa mfupa ili kiungo kiteleze. Utotoni tulikuwa tunaigombania kwenye mchuzi. Seli zake tunazitoa kwenye magoti ya ng'ombe kutoka machinjioni. Chuoni zinawekwa kwenye sahani yenye visima vidogo vidogo, zinalishwa, zinakaa kwenye kabati la joto. Zikishatulia tunazichokoza kwa makusudi mpaka ziwake kama seli za goti linalouma. Hapo zinaanza kutoa vitu vinavyolila gegedu lenyewe, kama mwenye nyumba anayechoma milango yake kama kuni.

Swali langu ni hili: kivumbasi kinaweza kuzituliza?

Nalipenda swali hili kupita kiasi. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mtu anaanza kuinuka kwenye kigoda wakati wenzake wanaanza kunawa baada ya kula, ili wote wafike mlangoni pamoja. Mtu huyo ni Mama. Goti lake la kulia lilianza kumsumbua mimi nikiwa sekondari, na tangu hapo sijawahi kumwona akichuchumaa.

Basi, mwanzoni tulikuwa tunaua. Chupa ya kwanza niliyoituma, seli zikafa. Ya pili, zikafa. Mimi nakaa huku nachuma na kuchemsha, na mwenzangu Zuhura yuko maabara chuoni, yeye ndiye anayedondosha na kupima. Alikuwa ananitumia picha kwenye simu: seli zimejikunyata kama mahindi yaliyokosa mvua. Msimamizi wangu hakugomba. Alisema tu kwamba mmea unaoua kila kitu ni dawa ya kupulizia wadudu, usiusingizie magoti. Maneno yake ya upole ndiyo yananiumaga zaidi.

Chupa ya tatu, seli zikaishi.

Si kuishi tu. Zilichokozwa, zikatulia. Zuhura alinipigia akipiga kelele, nikapiga kelele, nikacheza uani mpaka kuku wakahama. Mama alikuwa anapepeta uwele. Nikamwambia, Mama, ile chupa ya mwisho imefanya kazi! Akatabasamu, akatikisa ungo wake, akasema taratibu kabisa:

"Si ndiyo ile niliyokujazia?"

Nilikaa chini. Hapo hapo kwenye makapi.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya kutuma mzigo nilikuwa naoga. Mama akafungua boksi aone kama nimefunga vizuri, maana haamini mafundo yangu. Akakuta chupa ya chuo, ya kioo cha kahawia, chupa ya heshima, na ndani mafuta yako chini kabisa kama machozi. Sasa kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na mayai, au karanga, au hata chumvi kama huna kitu. Mama akaona aibu hiyo itakuwa ya nyumba yake: binti yake anawarudishia walimu wake chupa yao ina tone tu chini. Watasema amelelewa wapi? Akaenda kwenye dumu la alizeti, akaijaza mpaka shingoni. Akafunga kifuniko. Akaifuta kwa kanga. Hakuniambia kwa sababu, kwa maneno yake, mtu hatangazi alichojaza kwenye chombo cha mwenzake.

Alizeti. Ya kupikia. Kwenye utafiti wangu.

Na mafuta yote mawili yana rangi ileile ya manjano hafifu. Zuhura alipofungua boksi kule chuoni alifurahi kwamba safari hii kivumbasi kimezaa.

Nilimwambia, "Mama, umenimaliza." Sikusema kwa sauti kubwa. Lakini neno lilitoka, akalisikia, akaweka ungo chini.

Kumpigia msimamizi kulikuwa kazi. Nilizunguka nyumba mara kadhaa nikitafuta mtandao ambao nilikuwa nao tayari. Nikamweleza yote: boksi, bakuli, mayai, dumu. Kisha akasema kwamba hapo hatujui kitu. Pengine ni kivumbasi kilichozituliza. Pengine ni alizeti. Pengine mafuta yameelea juu kama kwenye mchuzi na seli kule chini hazikuonja chochote, na sisi tumesherehekea bure. Tutarudia, akasema. Visima vingine kivumbasi kitupu, kidogo sana. Vingine alizeti tupu. Vingine mchanganyiko kama wa Mama. Vingine bila kitu. Ikionekana kivumbasi hakimo, tunafunga mada hii, natafuta nyingine, naanza upya na watakaoingia mwakani.

Naanza upya. Baada ya magunia yote yale!

Nikachuma tena, nikachemsha tena, nikatuma tena. Boksi nilikaa nalo mapajani mpaka kwenye basi la asubuhi, nikamkabidhi kondakta mkono kwa mkono. Na alizeti niliifunga humo kwenye chupa yake, na karatasi imebandikwa, ili Zuhura asije akachanganya.

Kusubiri huko kulikuwa na mambo yake hapa nyumbani. Mama aliacha kugusa kitu changu chochote. Hata losheni. Nikimwomba anisogezee chumvi anauliza kwanza, hii ni ya mboga au ya chuo? Nilikuwa nacheka. Nilidhani na yeye anatania. Mara nyingine nilimkuta amesimama mbele ya mlango wa chumba changu na ufagio mkononi, haingii.

Lakini huyohuyo Mama, nilipomweleza kwamba huenda ni alizeti iliyozituliza seli, alianza kuwa na matumaini ya chinichini. Namjua. Akimimina mafuta kwenye kikaango ananiuliza kama hizo seli zinapenda alizeti ya mwaka huu au ya mwaka jana. Siku moja nilimkuta anamweleza jirani yetu, Mama Elia, kwamba chuoni wanapima alizeti ya Sepuka kwenye magoti, na Mama Elia anaitikia kama yuko kanisani.

Sasa leo.

Leo tulikwenda kukamua. Magunia yetu yalikwenda kwa mkokoteni wa punda, Mama akakaa juu ya magunia amenyoosha mguu, mimi nikatembea pembeni nikila vumbi. Kwenye mashine kulikuwa na watu wengi, ndio msimu wenyewe. Mnajua kelele za mashine ya alizeti? Huwezi kusikia hata wazo lako. Ndani kuna joto, harufu ya mafuta mapya, mashudu yanamwagika upande huu, mafuta yanachuruzika upande ule, watu wanaongea kwa mikono. Mama akapata gunia la kukalia karibu na mlango. Mimi nikasimama kwenye foleni.

Simu ikatetemeka mfukoni.

Zuhura. Picha moja, picha ya pili, picha ya tatu. Halafu sauti, ambayo nisingeweza kuisikia mahali pale hata kwa dawa. Nikafungua picha. Ya kwanza, visima visivyowekwa kitu: seli zimechokozwa na zinawaka, kama ilivyotakiwa. Ya pili, alizeti tupu: zinawaka vilevile, hakuna tofauti hata kidogo. Ya tatu, kivumbasi kitupu, kile kidogo sana.

Zimetulia. Zimekaa zimetandaa vizuri, nono, nzuri, kama seli ambazo hazijawahi kugombana na mtu. Na chini yake Zuhura ameandika kwamba vile vitu vinavyokula gegedu vimeshuka wazi, amepima na kupima tena, na kwenye mchanganyiko wa Mama vimeshuka pia.

Nilipiga ukelele. Sijawahi kupiga ukelele wa namna ile maishani mwangu, hata siku ya matokeo ya kidato cha sita. Fundi wa mashine alidhani mkanda umenikamata kanga. Akakimbilia swichi, akazima. Kimya kikaanguka ghafla, na watu wote wa alizeti wa Sepuka wakawa wananitazama mimi nikiruka na simu juu.

"Kuna nini, binti?" Ni mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, amevaa koti la sufu.

"Shikamoo mzee. Seli hazijafa!"

"Marahaba. Seli za nani?"

"Za goti la ng'ombe."

"Ng'ombe mwenyewe yuko wapi?"

"Alishachinjwa, mzee. Zamani."

Akafikiri. Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Ng'ombe kaliwa, goti lake limepona!"

Weee! Watu walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Fundi naye kacheka, kasahau kuwasha mashine. Nami nilicheka, machozi yananitoka, na kupitia machozi nikamwona Mama.

Hakuwa anacheka. Alikuwa anajaribu kuinuka kwenye gunia, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye goti, na macho yake yako kwangu tu. Nikamkimbilia nikamwambia akae, ni habari njema, ni kivumbasi, Mama, ni kivumbasi chenyewe.

"Kwa hiyo sijakumaliza?"

Ndivyo alivyouliza. Mbele za watu wote, kwa sauti ndogo.

Sikujua. Kweli kabisa sikujua. Siku zote zile ananiuliza kuhusu chumvi nilidhani ni utani wa nyumbani. Kumbe alikuwa anaishi na neno langu, analala nalo, anaamka nalo, anafagia mpaka mlangoni pangu na kuishia hapo. Nilipiga magoti kwenye mashudu nikamkumbatia pale pale juu ya gunia, nikamwambia hujanimaliza, Mama, na nisamehe, umenisaidia. Maana ndivyo ilivyo! Zile chupa mbili za mwanzo tulikuwa tunadondosha mafuta makali mno. Mama alivyomwaga alizeti yake alipunguza ukali bila kujua, na bila ile chupa tusingewaza kujaribu kidogo vile. Tungefunga mada tukaenda zetu. Hata Zuhura ameandika kwamba Mama apewe koti jeupe.

Mama akakataa koti. Alisema yeye alikuwa anazuia aibu, habari za ukali hakuzijua, na asipewe sifa ya kitu asichokifanya. Halafu akafuta uso kwa pembe ya kanga, akajiweka sawa, na nikaona swali linakuja.

"Na alizeti?"

"Haikufanya kitu, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akasema neno la Kinyaturu ambalo siliandiki hapa. Na si yeye tu! Foleni nzima ilinuna. Mzee wa koti la sufu aliniambia kwamba labda hao watu wa chuo walipima alizeti ya mkoa mwingine. Nikamwapia kwamba ni ya Sepuka hii hii, ya dumu letu. Akasema basi hao ng'ombe ndio wa mkoa mwingine. Fundi akawasha mashine, tukarudi kwenye kuongea kwa mikono.

Msimamizi alipiga tukiwa tunarudi. Nikasimamisha punda. Alianza na hongera, na mtu yule hongera zake ni chache, nikaitunza. Akasema tusipande juu ya paa bado: turudie kwa magoti ya ng'ombe wengine, tutafute mpaka wa kidogo na kingi, wapi kinatuliza na wapi kinaanza kuua. Akasema habari ya chombo na alizeti niiandike kwenye kazi yangu kama ilivyotokea, bila kuona haya. Kisha akasema maneno matatu niliyoyasubiri tangu ile siku ya ungo.

"Endelea na kivumbasi."

Naendelea na kivumbasi! Nimeliandika ili niliamini. Nimemwimbia punda. Nimewasalimia watu nisiowajua. Mtu mmoja kwenye pikipiki nilimpungia mkono akasimama akidhani nataka kupanda.

Halafu tukafika nyumbani, na hapa ndipo inabidi niwe mkweli.

Tulishusha madumu. Mama akaketi kwenye kigoda, akavuta kanga mpaka juu ya goti, akanyoosha mguu mbele yangu. Goti lenyewe limejaa, linang'aa, kama si la mtu mwembamba vile. Akasema, haya, kalete hicho kivumbasi, nipake.

Kipo. Chupa ndogo iko chumbani, nyuma ya begi. Ningeweza kuingia na kutoka kabla hajamaliza kupumua. Na moyo wangu, leo ambapo umejaa hivi, ulishainuka kwenda.

Nikabaki nimesimama. Nikamwambia, Mama, bado.

Nikamweleza nikiwa nimechuchumaa mbele ya goti lenyewe. Kwamba zile ni seli za ng'ombe kwenye sahani, hazina ngozi juu yake, hazina damu inayopita, hazibebi mtu kwenda shamba. Kwamba mafuta haya haya yakizidi kidogo tu yanaua, na picha za seli zilizokufa ninazo. Kwamba ukipaka juu ya ngozi sijui kama yanafika ndani, na yakifika sijui yanafika kiasi gani. Kwamba ngozi yenyewe inaweza kuungua. Nikamwambia pia kwamba nitampeleka Singida mjini hospitali tena, tusikae tu tunasubiri kivumbasi changu.

"Lini kitakuwa tayari?"

"Sijui, Mama."

"Mwakani?"

"Hapana. Zaidi. Huenda isiwe kabisa. Sijui."

Nilijiandaa kwa hasira, au kwa kile kimya chake cha ufagio. Mama akaitazama miguu yake. Akashusha kanga, akaifunika vizuri kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Kisha akanicheka.

"Wale wa mnadani wanaouza dawa kwa kipaza sauti," akasema, "wote nimenunua kwao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hajui. Wewe wa kwanza."

Akaninyooshea mkono nimwinue. Nikamwinua. Akaenda jikoni polepole akishika ukuta, na alipopita mlango wa chumba changu aliingia, nikamsikia anakung'uta shuka langu na kulalamika kwamba chumba kizima kinanuka majani.

Sasa ni jioni, upepo umepoa kidogo, na bado nina furaha ileile, ila imekaa chini. Nimeangalia zile picha mpaka betri imeanza kulia. Ni nzuri, jamani. Ni nzuri kweli. Na yule mwanamke aliyeko jikoni anakaanga dagaa kwa alizeti mpya, amesimama kwa mguu mmoja, mwingine anaupumzisha kwenye ukingo wa kinu.

Namjua Mama. Kesho kabla ya kanisa ataniuliza tena kama kiko tayari. Nitamwambia sijui. Halafu nitachukua gunia niende kuchuma.